TAHADHARI: Muuza "mbao za dawa" anayezunguka Tabora mjini na pikapu

Habari zenu wana-Tabora. Mnaojiandaa kupaua kabla ya mvua, nisomeni kwanza. Kuna muuza mbao anazunguka Ipuli, Isevya mpaka Ng'ambo. Anasema mbao zake ni msindano (paini) wa Mafinga na zimetiwa dawa. Jina silitaji kwa sababu shauri letu bado liko kwa mtendaji wa kata, ila mbinu zake nazisema zote.

Mwaka jana mwezi wa nane alinikuta saiti, ukuta umeshapita linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, mimi na baba watoto tunapiga hesabu chini ya mwembe. Adabu tele: "Shikamoo mama, naona mnakaribia kupaua." Bei yake ilikuwa pungufu kwa shilingi 1,500 kila mbao. Akaniandikia orodha: wolpleti, kenchi, papi, fishabodi. Nikawa naitikia tu kama naelewa, naye akajua sielewi. Hapo ndipo aliponipatia.

Sasa nimeelewa, ada nimelipa. Wolpleti ni ile mbao inayolala juu ya ukuta. Inapokea uzito wa paa na kuusambaza, na ndiyo inayofungwa kwenye ukuta upepo usije ukaondoka na bati. Kenchi ni zile pembetatu: mbao mbili za mteremko, ya chini inayozifunga miguu zisitanuke zikasukuma ukuta nje, kingiposti, yaani nguzo ya wima, katikati, na struti za mshazari zinazozuia mteremko usibonyee. Papi zinakatiza juu ya kenchi, msumari wa bati unashika hapo. Fishabodi inaziba ncha zote pembeni.

Yule bwana alikuja na fundi wake. Struti wakaziruka. Nilipouliza nikajibiwa, "Struti za nini mama, hii si ghorofa." Kenchi tulikubaliana kila baada ya futi nne, wakaziachanisha futi sita, mbao zilizobaki zikarudi kwenye pikapu. Na hiyo mbao yenyewe ya inchi mbili kwa nne ukiipima kwa futikamba ni moja na nusu kwa tatu na robo. Mbao iliyopigwa randa hupungua kidogo, sawa, lakini hizi zilikuwa na manyoya ya msumeno bado. Randa ilipita wapi?

Hayo yote ningeyameza. La dawa ndilo lililoniuma.

Mwezi wa tatu mwaka huu nafagia chumba cha watoto, nikakuta unga mweupe chini ya ukuta, laini kama sembe, umejipanga mstari. Dari hatujaweka bado. Nikafagia. Kesho yake upo tena, mstari uleule. Nikamwita fundi mwingine, mzee wa Isevya. Akapanda ngazi, akachomeka bisibisi kwenye wolpleti, ikazama mpaka mpini. Vitundu vya bungua vimejaa, na mchwa kwenye kona wameshapandisha barabara yao ya udongo. Akakata kipande akanipa mkononi: nje kijani, ndani nyeupe pee kama muhogo uliomenywa. "Mama, hii si dawa. Hii ni rangi."

Alivyonieleza, dawa yenyewe ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Mbao inakaushwa kwanza, inafungiwa kwenye tangi la chuma, hewa inanyonywa, kisha dawa inasukumwa kwa presha mpaka iingie ndani. Kuchovya kwenye pipa la maji ya kijani hakufanyi kitu. Kwa hiyo mwambie muuzaji akate mbao moja katikati, usikubali ncha, maana ncha hunywa hata rangi. Ukijani uwe umeingia ndani, hata kama moyo wa mti umebaki mweupe kidogo. Akikataa eti unamharibia mali, mwambie hiyo moja utailipa. Mimi sikufanya hivyo, niliona aibu. Na vipande vya mbao yenye dawa ya kweli msivipeleke jikoni, aseniki ni sumu na moshi wake si wa kuivishia maharage.

Dai risiti ya EFD, dai uone na kibali cha kusafirishia mbao cha TFS, wale wakala wa misitu wa serikali. Kwangu vyote viwili vilikuwa "vinakuja kesho, mama."

Tumebadilisha wolpleti na kuongeza struti upande wa watoto tu, hela ikaishia hapo. Sebuleni bati limeshaanza kubonyea, ukisimama barabarani unaliona. Namba yake haipatikani.

Wiki iliyopita ameonekana Cheyo, pikapu ileile, sasa anauza fremu za milango "za mninga". Kuna jirani ameshatoa advansi. Mkimuona, chukueni kisu mkwangue fremu kwa nyuma, pale panapogusa ukuta. Mninga ni kahawia mpaka ndani. Ya jirani tuliikwangua jana jioni, ikawa muhogo tena.