Philip Glass, Solo Piano: CD ya kumsubiria mgeni rasmi

Haya, karibuni tena. Leo mezani hakuna simu wala sabufa. Kuna hii, ngoja niisogeze isipigwe na mwanga... mnaiona? CD ya Philip Glass, Solo Piano, ya mwaka 1989. Vipande saba, piano moja, na anayepiga ni mtunzi mwenyewe. Kasha limepasuka kwenye kona na kijitabu cha ndani hakimo, ingawa muuzaji aliapa kwamba "iko kama mpya". Simtaji. Diski haina mkwaruzo, kwa hiyo nimemsamehe.

Najua kuna mtu kashaanza kuniandikia hapo chini: huyu mzee si anarudia kitu kimoja tu? Subiri. Umewahi kwenda harusini, mgeni rasmi kaambiwa saa mbili, saa nne inafika hajatokea? Bendi inafanyaje? Kunyamaza haiwezi, na nyimbo zake kali haitaki kuzimaliza mapema. Basi inashika kipande kimoja inakizungusha, gitaa linaongeza kidogo, ngoma inapunguza kidogo, huku MC anachungulia mlangoni.

Sasa kipande cha sita humu ndani, Mad Rush, kilizaliwa hivyohivyo. Mwaka 1979 Dalai Lama, kiongozi wa Wabudha wa Tibet, alikuwa anakuja New York kwa mara ya kwanza, na angehutubia katika kanisa kuu la St. John the Divine. Saa yake ya kuingia haikuwa na uhakika, hivyo Glass akaombwa muziki unaoweza kuvutwa kadiri itakavyohitajika. Siku ile kilipigwa kwa kinanda cha kanisa. Humu kakipiga kwa piano, karibu dakika 14.

Kisikilize kwa hedifoni. Mkono mmoja unakwenda mbilimbili, mwingine tatutatu, kwa wakati uleule. Kama umekulia nyumba yenye kinu utanielewa: watu wawili wanatwanga, michi inapishana, haigongani. Unaanza kusinzia, halafu ghafla kunachafuka, vidole vinakimbia juu na chini kama mtu anayeshuka ngazi za ghorofa umeme umekatika. Kisha anarudi palepale pa mwanzo, polepole, utadhani hakuna lililotokea. Mara ya kwanza nilifikiri diski imekwama!

Huyu bwana kusubiri anakujua. Kazaliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1937. Baba yake alikuwa na duka la santuri, na zile zisizonunulika alikuwa akizibeba nyumbani, anazisikiliza usiku ajue kasoro yake iko wapi. Akaishia kuzipenda. Mtoto akalelewa kwenye bidhaa zilizokosa wateja, ndiyo hiyo. Akasoma Juilliard, chuo cha muziki cha New York, halafu Paris kwa Nadia Boulanger, mwalimu mkali ajabu, aliyemrudisha kwenye mazoezi ya msingi kabisa. Hukohuko Paris akapata kibarua cha kumwandikia noti Ravi Shankar, bingwa wa sitar wa India, kwa ajili ya muziki wa filamu. Kule ndiko alikoona kwamba mdundo mrefu unaweza kujengwa kwa vijisehemu vidogo, mbili hapa, tatu pale, kimoja kinaongezwa juu ya kingine. Mkirudi kwenye Mad Rush mtaisikia kazi hiyo.

Na hapa ndipo ninapompendea. Novemba 1976 opera yake Einstein on the Beach iliingia Metropolitan Opera, New York, maonyesho mawili, ukumbi ukajaa. Unadhani baada ya hapo aliishi kitajiri? Onyesho liliacha deni, na yeye akarudi kuendesha teksi. Aliachana na usukani akiwa na miaka 41. Alikuwa fundi bomba pia. Mwenyewe kasimulia kwamba siku moja alikuwa anafunga mashine ya kuoshea vyombo, akainua kichwa, akamkuta Robert Hughes, mhakiki wa sanaa wa jarida la Time, amemkodolea macho haamini. Glass akamjibu kwamba ndiyo, ni msanii, lakini wakati mwingine ni fundi bomba, amwache amalize kazi.

Turudi kwenye CD. Vipande vitano vya mwanzo vinaitwa Metamorphosis, kutokana na hadithi ya mwandishi Franz Kafka ya yule kijana anayeamka amegeuka mdudu. Cha pili ndicho wengi wanakifahamu bila kujua, kwa sababu baadaye muziki wake uliingia kwenye filamu ya The Hours. Cha tano kinarudia mambo ya cha kwanza. Cha tatu na cha nne, sitawadanganya, nikiwa jikoni huwa navipita.

Cha mwisho, Wichita Vortex Sutra, alikitunga kuandamana na shairi la Allen Ginsberg la kupinga vita vya Vietnam. Shairi lenyewe humu halimo, piano tupu. Kinanukia kanisani, utafikiri wimbo wa sadaka.

Upigaji je? Glass si mpiga piano wa kutisha, na anajijua: baadaye alitunga mazoezi 20 ya piano, na sababu mojawapo ilikuwa kujinoa vidole vyake mwenyewe. Ukitaka usafi, mtafute mpiga piano Bruce Brubaker, naye karekodi Mad Rush na nyinginezo. Lakini Brubaker ananipa noti, Glass ananipa dereva anayejua kona inakuja wapi. Anachelewa kidogo kabla ya kugeuka, anavuta, anaachia. Mimi nabaki na huyu mzee.

Spika ndogo ya bluetooth usiitumie, mkono wa kushoto unapotea wote, na kazi yote iko kule. Santuri ni nzuri ila huu muziki umetulia sana, vumbi kidogo tu unalisikia. Kwa hiyo CD, au faili lenye ubora wa juu. Anza na namba sita, lala, kesho ndiyo urudi namba moja.

Mama yangu alipitia sebuleni Mad Rush ikiwa dakika ya tisa, akasimama na beseni lake la nguo. "Huyu bado anajaribu mitambo?"