Darasa la totemu za karatasi South B: mtoto wangu alirudi na kong'ony

Kijana wangu wa miaka tisa alienda lile darasa la sanaa la Jumamosi hapa South B, Nairobi, tulilipa 1,200 kwa masaa matatu na vifaa ni vyao, na nitampeleka tena.

Kazi ilikuwa kila mtoto atengeneze nguzo ya totemu, yaani mnyama anayetambulisha ukoo wao, kwa manila na zile roli za tishu. Ticha alianza na Wahaida na Watlingit wa pwani ya Kanada na Alaska, wenye wanachonga nguzo ndefu za mwerezi zenye kunguru, tai, dubu, nyangumi, na akawaambia watoto wazi kwamba haziabudiwi, zinasema tu sisi ni nani na tumetoka wapi. Hapo alinishika sana, kwa sababu kanisani kwetu wengi wangeshaita hiyo sanamu.

Halafu akauliza, kwenu ni mnyama gani? Kimya. Wangu akanigeukia, nikampa simu apigie kogo yake, yaani nyanya yake, huko Kapsabet, na kogo akaongea mpaka kredi ikaisha! Kwa baba yake ni ukoo wa Moi, na mnyama wao ni kong'ony, yule korongo mwenye taji. Mimi ni wa ukoo wa Kipkenda, sisi ni nyuki, basi mtoto akauliza kama nyuki pia anaruhusiwa, ticha akamwambia kwa Wahaida mtoto hufuata ukoo wa mama, kwetu anafuata baba, lakini nguzo ni yake. Akaweka nyuki chini, kong'ony juu. Lile taji alikata manila ya njano nyembamba nyembamba, akaviringisha kila uzi kwa penseli hadi ukajikunja, akabandika mmoja mmoja, nusu saa nzima hajainua kichwa.

Shida ni gundi, maji matupu, tulipofika stage kichwa cha kong'ony kilikuwa kimeng'oka na mtoto alilia kwa matatu njia yote. Pia makasi manne kwa watoto kumi na wanane haitoshi jamani, na wawaambie watoto waweke mawe kwa roli ya chini ndio nguzo isimame. Na ningependa siku moja waonyeshwe vigango vya Wagiriama, hata kama vile ni vya kukumbuka waliofariki, nguzo za kuchonga tuko nazo hapa kwetu pia.

Kichwa tumekirudisha na gundi ya mbao. Kogo amesema Desemba isipoletwa Kapsabet anakuja kuichukua mwenyewe.