Risasi au Tangsteni: Mwongozo wa Kununua Chubwi la Mshipi

Mvuvi anayeingia dukani kununua chubwi, yaani kile kizito kinachouzamisha mshipi, huulizwa jambo moja tu, nalo ni uzito: gramu 50, 100 au 200? Metali ya chubwi lenyewe haiulizwi, kwa sababu katika mwambao wetu lililouzwa dukani lilikuwa la risasi, na asiyekuwa na fedha ya dukani alifunga jiwe au kipande cha nondo. Siku hizi yapo pia machubwi ya tangsteni, madogo na mazito kupita umbo lake, ambayo bei yake huizidi ya risasi mara kadhaa. Muuzaji atakueleza kwamba tangsteni ni nzito zaidi, na hapo anasema kweli, lakini uzito wa metali si jambo la kwanza la kuangalia. La kwanza ni idadi ya machubwi utakayoyaacha chini ya mwamba kwa mwaka, na la pili ni mikono ya nani itakayoyashika nyumbani. Nimezipanga aina zinazopatikana kwa kufuata mambo hayo mawili.

Tuanze na tabia za metali zenyewe. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11.34. Risasi ni laini kiasi cha kukwaruzwa kwa ukucha, na huyeyuka katika nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia bila taabu. Ndiyo maana mtu yeyote mwenye sufuria na kalibu ya mchanga anaweza kujitengenezea chubwi, na ndiyo maana pia lugha yetu huiita metali hii kwa jina lile lile la kinachotoka katika mtutu wa bunduki. Tangsteni ni kinyume chake karibu katika kila jambo. Sentimita moja ya ujazo ina gramu 19.25, karibu sawa na dhahabu. Ni ngumu, na huyeyuka katika nyuzi 3,422, kiwango cha juu kuliko metali nyingine yoyote. Jina lake limetoka katika Kiswidi na maana yake ni jiwe zito. Madini yake huchimbwa hata hapa jirani, kama vile katika mgodi wa Nyakabingo nchini Rwanda, ingawa sehemu kubwa ya tangsteni ya dunia hutoka China.

Kwa kuwa haiwezekani kuiyeyusha kwa urahisi, kiwanda huchukua unga wa tangsteni, huuchanganya na nikeli, chuma au shaba, huukandamiza katika kalibu, kisha huuoka mpaka chembe zishikamane. Kwa hiyo chubwi linaloitwa la tangsteni si tangsteni tupu. Lililo zuri lina asilimia 95 au zaidi ya metali hiyo, na densiti yake, yaani gramu katika kila sentimita ya ujazo, hukaribia 17 au 18. Asilimia hiyo ikiwa haikuandikwa kwenye pakiti, iulize kabla ya kulipa.

Sasa tuyateremshe majini, kwa maana hapo ndipo hesabu inapowashangaza wengi. Kila kitu kinachozama hupungua uzito kwa kiasi cha uzito wa maji kinayoyasukuma kando. Chubwi la gramu 100 la risasi, likiwa ndani ya maji ya chumvi, huvuta mshipi kwa uzito wa gramu 91 hivi. La tangsteni yenye densiti ya 17.5 huvuta kwa gramu 94, na la chuma cha kawaida kwa gramu 87. Tofauti kati ya risasi na tangsteni, ambayo mnunuzi anaambiwa ailipie mara kadhaa, ni gramu tatu tu katika mia, na chuma ambacho wengi hukidharau kimepitwa na risasi kwa gramu nne. Jiwe ndilo linalopoteza hasa, kwa kuwa hata jiwe zito aina ya matale hubaki na gramu 62 hivi, na jiwe la matumbawe lenye vitundu hubaki na chache zaidi.

Faida ya kweli ya tangsteni iko katika umbo. Tufe la risasi la gramu 50 lina kipenyo cha milimita 20, ilhali la tangsteni lenye uzito huo huo lina milimita 17 na nusu. Huonekana kuwa tofauti ndogo, lakini uso unaopigwa na mkondo hupungua kwa robo nzima, na mvuvi aliyewahi kuvua wakati wa bamvua, maji yakienda kwa nguvu na mshipi ukilala badala ya kusimama, anajua robo hiyo ina thamani gani. Chubwi hufika chini upesi na hubaki karibu na pale lilipoangukia. Kwa chuma hali hugeuka, kwa sababu uso wake huuzidi wa risasi kwa zaidi ya robo, na penye mkondo mkali utalazimika kuongeza uzito. Wakati wa maji mafu, mambo haya yote hayana uzito mkubwa.

Ugumu wa tangsteni huleta faida nyingine ambayo risasi haina. Chubwi gumu linapogonga mwamba hupeleka mtikisiko hadi kwenye vidole, na mtu mwenye fimbo nyepesi na uzi mwembamba huweza kutofautisha mchanga, kokoto na jiwe bila kuona chochote. Risasi, kwa ulaini wake, humeza mtikisiko huo. Hata hivyo, ugumu huo huo ndio unaokata uzi: tundu la chubwi la tangsteni likiwa na ukingo mkali, nailoni husagika kidogo kidogo hadi samaki wa kwanza mkubwa aikate. Nunua lile lenye kijimrija cha plastiki ndani ya tundu, au pitisha uzi wa pamba ndani yake mbele ya muuzaji na uuvute mara kadhaa. Ukitoka na nyuzinyuzi, liache. Vilevile tangsteni haikubali kubanwa. Vile vidonge vidogo vilivyopasuliwa katikati, vinavyofinywa juu ya uzi, kwa kawaida hutengenezwa kwa metali laini, kama risasi au bati.

Hapa naomba msomaji avumilie nirefushe maneno, kwa sababu ndiyo sehemu inayoniuma. Nimewaona wavuvi wazoefu wakivifinya vidonge hivyo kwa meno. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mwili hudanganyika na kuichukua kama kalsiamu, huihifadhi katika mifupa na meno kwa miaka mingi, na mwanamke anaposhika mimba risasi iliyolala mifupani huweza kurudi katika damu na kumfikia mtoto tumboni. Watoto wadogo hufyonza risasi waliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya watu wazima, na inachoharibu kwao ni ubongo unaokua, tena bila dalili ambayo mzazi angeiona mapema.

Kushika chubwi la risasi kwa mkono na kunawa kabla ya kula si hatari kubwa. Hatari kubwa iko katika kuliyeyusha. Risasi ya bei nafuu inayomiminwa mitaani hutoka mara nyingi katika betri chakavu za magari, na vumbi lake pamoja na ganda linaloelea juu ya sufuria hubaki uani, penye udongo ambao watoto huchezea. Kalibu ya mchanga ikiwa na unyevu, maji hugeuka mvuke ghafla na kuirusha risasi ya moto usoni. Mombasa inaujua msiba huu kwa ukubwa wake: wakazi wa Owino Uhuru, walioathiriwa na kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri jirani na nyumba zao, walipewa na mahakama mwaka 2020 fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikaithibitisha mwaka 2024. Sufuria moja ya uani si kiwanda, lakini sumu ni ile ile.

Nchi nyingine zilianza kuikataa risasi kwa sababu ya ndege. Uingereza ilipiga marufuku mwaka 1987 machubwi ya risasi yenye uzito wa kati ya gramu 0.06 na 28.35, baada ya kuonekana kwamba mabata-maji wakubwa waliyameza wakidhani ni changarawe ya firigisi, nayo yakasagwa humo na kuwaua. Denmark ilikwenda mbali zaidi na kuzuia uuzaji wa zana za uvuvi zenye risasi. Ukiwa mvuvi wa Kiswahili unayeishi huko, sheria imekwisha kukuchagulia sehemu ya mambo haya, na unapaswa kuulizia kanuni za ziwa au mto wako kabla ya kununua.

Kwa anayevua kwa mshipi wa mkono juu ya matumbawe, akitafuta changu, tasi na chewa, chaguo langu la kwanza ni chuma: kipande cha nondo kilichokatwa na kukunjwa kitanzi na fundi wa kuchomelea, au nati kubwa. Mwamba hauchagui, utakwama nao tu, na chubwi lililokatika hapo litakuwa kutu baada ya muda na halitamdhuru yeyote. Kuingiza tangsteni mahali hapo ni kuzika fedha.

Nafasi ya pili naipa tangsteni, na kwa mtu mmoja tu: mwenye fimbo na rili, anayerusha uzito mdogo wa gramu 5 hadi 30 juu ya mchanga au kando ya nyasi za bahari, ambaye hupoteza chubwi kwa nadra. Huyu atapata thamani ya kila senti. Nikeli iliyomo huweza kuwasha ngozi ya wachache wasiopatana nayo, lakini kwa nyumba yenye watoto bado ningeichagua tangsteni kuliko risasi bila kusita.

Risasi ya kiwandani iliyopakwa rangi nzito au plastiki ni ya tatu, na mahali pake ni maji marefu yenye mkondo, ambapo gramu 300 au 500 zinahitajika, chuma kingekuwa kinene mno na tangsteni ingegharimu kupita thamani ya samaki. Ihifadhi katika mfuko wake peke yake, mbali na chambo na chakula, na rangi ikibanduka ipake tena. Kwa vidonge vya kufinya chukua bati. Risasi iliyomiminwa uani kwa betri chakavu siiweki katika nafasi yoyote, hata ikiwa nusu ya bei, kwa kuwa kila anayeinunua humlipa mtu aendelee kuchochea sufuria hiyo.

Kabla ya kulipia tangsteni, ipime. Chukua kikombe cha maji, kiweke juu ya mizani ndogo ya jikoni na urudishe usomaji kwenye sifuri. Lining'inize chubwi kwa uzi lizame lote bila kugusa kikombe. Namba utakayoisoma kwa gramu ndiyo ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito wa chubwi likiwa kavu kwa namba hiyo, ukitumia chubwi kubwa kiasi ili kosa la mizani lisikupoteze. Jibu la 17 au 18 ni tangsteni nzuri, la 11 ni risasi, na likija 8 hivi, umeonyeshwa chuma kilichopakwa rangi: kinafaa kabisa mwambani, mradi ukilipie bei ya nondo.