Usimamizi wa uhandisi kama fani ya pili: uzoefu wangu

Mwaka jana nilimaliza shahada ya uhandisi wa mitambo katika chuo kimoja hapa Mombasa, na sambamba nayo nilibeba fani ya pili ya usimamizi na uongozi wa kihandisi: masomo sita yaliyogawanywa katika mihula minne, mengi yakifundishwa jioni, wakati wenzetu wameshashuka kwenda zao. Wadogo zangu wa chuoni wameniuliza mara nyingi kama inafaa. Inafaa, ila kwa sharti la wakati nitakalolieleza, na mwanafunzi ajue mapema kwamba usimamizi na uongozi, ingawa vimewekwa katika jina moja, havikufundishwa kwa ubora ulio sawa.

Kilichonifaa kuliko vyote ni somo la uchumi wa uhandisi. Katika shahada yangu kuu tulichagua pampu kwa kuangalia kiasi cha maji, urefu wa kuyapandisha na ufanisi wa mota. Bei tulimwachia mtu wa ununuzi. Huku tulipewa pampu mbili zinazofanya kazi ileile kwa miaka 5: moja ya shilingi 200,000 inayokula umeme wa shilingi 90,000 kwa mwaka, na nyingine ya shilingi 320,000 inayokula umeme wa shilingi 50,000. Darasa zima lilikimbilia ya pili, kwa kuwa akiba ya shilingi 40,000 kila mwaka kwa miaka 5 ni 200,000, hali nyongeza ya bei ni 120,000 tu. Mhadhiri akatutaka tuipunguze kila akiba kwa riba ya asilimia 12, kwani shilingi ya mwaka wa tano si shilingi ya leo. Akiba yote ikashuka hadi takribani 144,200, na pampu ghali bado ikashinda. Kisha akapandisha riba hadi asilimia 20, akiba ikawa takribani 119,600, na pampu ileile ikashindwa kwa shilingi mia nne hivi. Tangu jioni ile, mtu akiniletea pendekezo la mashine mpya, swali langu la kwanza ni fedha zinatoka wapi na kwa riba gani.

Historia ya usimamizi ilichukua wiki tatu, na kwa maoni yangu siku moja ingetosha. Si kwamba haina maana: kwangu lilikuwa jambo la kutia moyo kujua kwamba Henri Fayol, mmoja wa waasisi wa nadharia ya usimamizi, alikuwa mhandisi wa migodi huko Ufaransa, na kwamba Henry Gantt, ambaye chati yake ya mistari inayoonyesha kila kazi inaanza na kuisha lini imebandikwa katika vibanda vingi vya wajenzi, alisomea uhandisi wa mitambo kama mimi. Lakini tulikariri kanuni 14 za usimamizi za Fayol kwa ajili ya mtihani tu, na mtihani ulipokwisha nazo zikaisha.

Upangaji wa kazi ulikuwa na uzito zaidi. Tulifundishwa mbinu ya njia muhimu, yaani ule mfuatano mrefu kuliko yote wa kazi zinazongojana, unaoamua mradi utaisha lini, iliyoanzia katika viwanda vya kemikali vya DuPont nchini Marekani mwaka 1957, na ile ya PERT, yaani mbinu ya kukadiria na kukagua muda wa mradi, iliyobuniwa mwaka 1958 kwa ajili ya mradi wa makombora ya Polaris wa jeshi la majini la nchi hiyo. Katika PERT, kila kazi hupewa makadirio matatu ya muda, yaani mambo yakienda vizuri, kwa kawaida, na yakiharibika. Ya kawaida huzidishwa kwa 4, yote yakajumlishwa, kisha jumla ikagawanywa kwa 6. Hesabu hii nilipata alama nzuri sana. Alichosahau mhadhiri kutuambia ni kwamba makadirio hayo matatu yako kichwani mwa mtu, na mtu huyo hana lazima ya kukupa.

Hilo nilijifunza kwenye atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini, katika karakana moja ya Shimanzi hapa Mombasa, ambapo tulikuwa tunafungua jenereta kubwa ya akiba. Nilichora mpango wangu kwa fahari: kufungua siku 1, silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) kusagwa siku 4, gasketi kuletwa siku 2, kupaka rangi fremu siku 3, kufunga siku 2. Gasketi na rangi zingeweza kuendelea wakati hedi inasagwa, hivyo njia muhimu ilikuwa kufungua, kusaga na kufunga, jumla siku 7. Siku ya sita hedi haijarudi. Nikamwambia fundi mkuu, mzee aliyenipita kwa miaka thelathini, mbele ya vibarua, kwamba amechelewesha mpango. Hakunijibu. Alifuta mikono kwa pamba, akaweka spana juu ya meza, akatoka kwenda kunywa kahawa.

Nilimfuata baada ya muda, nikamwamkia upya na kumtaka radhi. Alinisogezea kikombe, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hizo siku nne ulizipata wapi?" Nilizipata kichwani mwangu. Akaniambia kwamba kusaga hedi, mashine ikiwa wazi, ni siku 3. Kwa kawaida ni 4. Lakini mashine ikiwa imeshikwa na kazi ya mtu mwingine, inaweza kufika 11. Nilipiga hesabu palepale kwa kalamu: 3, mara nne ya 4, na 11, jumla 30, gawanya kwa 6, ni siku 5. Mpango wangu ulikuwa na kasoro kabla hata ya kazi kuanza. Jenereta iliwaka siku ya tisa.

Masomo mawili ya uongozi niliyosoma kabla ya hapo yalijaa aina za viongozi na maelezo ya motisha, tena kwa mifano ya maofisi ya mbali, na hakuna hata kipindi kimoja kilichohusu kijana wa miaka ishirini na miwili anayepaswa kumwelekeza fundi wa umri wa babake. Kazi za kikundi nazo hazikusaidia: tulikuwa watu saba, watatu walifanya, na alama zikagawanywa sawasawa.

Kwa hiyo sharti langu ni hili: jiandikishe baada ya atachimenti yako ya kwanza ndefu, si kabla. Na usidhani fani hii itakupa nafasi ya ziada katika kusajiliwa kuwa mhandisi, kwani Bodi ya Wahandisi ya Kenya huangalia shahada yenyewe ya uhandisi. Mwisho, fomu ya kujiandikisha hutolewa idarani, haikufuati darasani. Mimi niliipata siku mbili kabla ya dirisha kufungwa, kwa kuambiwa na mwenzangu tukiwa kwenye foleni ya feri ya Likoni.