Monaco au Safari Rally: ipi ifuatiliwe Kigoma?

Kwa mtazamaji wa Mwanga, mjini Kigoma, mbio za magari za Formula One za Monaco zina wepesi wake: kwa kawaida huanza Jumapili saa kumi jioni kwa saa zetu, magari yote huondoka pamoja, na baada ya mizunguko 78 mshindi hujulikana. Hata hivyo, barabara zake ni finyu mno. Mwaka 2024 ajali ya mzunguko wa kwanza ilisimamisha mbio, matairi yakabadilishwa wakati huohuo, kisha Charles Leclerc akashinda huku madereva kumi wa mbele wakimaliza kwa mpangilio uleule walioanza nao. Aliyeona matokeo ya Jumamosi, yanayopanga nafasi za kuanzia, hakukosa mengi.

Safari Rally ya Naivasha hudai uvumilivu zaidi, kwa kuwa magari hukimbia moja moja, yakishindana na saa kwa siku kadhaa. Toyota ilishinda kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2025, lakini ndani ya ushindi huo mmevunjika mengi: mawe hupasua matairi, vumbi laini humeza magurudumu, na mvua ya ghafla hugeuza njia kuwa tope. Aliyewahi kusafiri kwenda Kibondo kabla ya lami haitaji kuelezwa, na mimi ningeichagua Safari Rally.