Rola za umeme na mawimbi ya enzi za nyanya: nimezivusha feri ya Likoni

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Kabla sijasema lolote, itazameni klipu hii. Naisogeza karibu na kamera. Mwayaona meno yake? Plastiki ngumu hii, na kazi yake ni kuishika rola isianguke kichwani. Sasa twende huku nyuma ya sikio la jirani yangu... hapa. Mwauona mstari huo? Umekata wimbi katikati kama nguo iliyokunjwa vibaya sandukuni. Nimemkalisha mtu saa nzima, wimbi limetoka zuri, halafu klipu ikatuachia alama. Nimekasirika kweli. Lakini msiondoke, kwa sababu rola zenyewe, wallahi, nimezipenda.

Kwa wageni: mimi ni mpambaji, niko Bondeni, Mombasa, na kazi yangu kubwa ni mabi harusi. Nywele zangu mimi siwaonyeshi, wenyeji wa chaneli hii mwajua, ndiyo maana jirani yangu hukaa kitini kila mara. Nywele zake ni kipilipili, hazina dawa, leo zimekaushwa kwa draya zikanyooka. Ahsante, shoga, tulia hivyo hivyo.

Mezani nina sanduku la rola za umeme, ishirini, za ukubwa wa aina tatu. Wati na urefu wa waya vimeandikwa kwenye boksi, mtasoma wenyewe.

Nimezinunua kwa sababu gani? Msimu huu kila bi harusi akija ananinyooshea simu yenye picha ile ile: njia ya upande, wimbi linaanzia kwenye nyusi, linashuka mpaka begani, liking'aa kama hariri. "Nataka ya Hollywood, dada." Sawa. Picha nyingi wanazoniletea, ukizifuata nyuma, zinafika kwa Veronica Lake, mwigizaji wa Hollywood wa miaka ya 1940, yule aliyefunikwa jicho moja na nywele. Wanawake wa Marekani walimwiga hata wakiwa viwandani wakati wa vita, mpaka akaombwa abadilishe mtindo, maana nywele kama zile zikinaswa na mashine ni hatari.

Lakini mimi nikiletewa picha hiyo, nafungua droo na kutoa yangu. Hii hapa. Nyanya yangu, amepigwa studio ya Parekh, hapa hapa Mombasa. Mtazameni. Mbele ana mawimbi matatu, yamelala sawasawa. Nyuma kazungusha asumini. Gauni lina kiuno cha dondora na sketi pana, ule mkato alioutoa Dior, mbunifu wa mavazi, kule Paris Februari 1947, watu walipokuwa wamechoka na vitambaa vya kugawiwa kwa kadiri wakati wa vita. Nyanya hakufika Paris. Alikwenda sinema ya Naaz, akamwona Madhubala, yule mwigizaji wa filamu za Kihindi, akarudi, akamweleza fundi kwa mdomo na mikono, na fundi akakata. Watu wakiniambia mitindo hii ni ya kizungu, nawaonyesha picha hii. Asumini ile ni ya wapi? Nami ndicho ninachokitaka kichwani mwa bi harusi: wimbi la nyanya, lenye utulivu, lisilotikisika hovyo.

Sasa njooni kwenye kitu nilichokipenda. Sogeeni.

Mwaiona doti hii nyekundu juu ya rola? Ikipata moto wa kutosha inageuka nyeupe. Ndani ya rola kuna nta. Nta ikishayeyuka inahifadhi joto, inalitoa polepole, na hapo ndipo penye siri yote. Naichukua moja... kitambaa kwanza, ni moto... nashika fungu la nywele, si nene kuliko upana wa rola, nalivuta juu, nafunga ncha vizuri isikunjike, nazungusha mpaka kwenye ngozi. Zote zielekee upande mmoja! Ukigeuza moja tu, wimbi litapigana na jenzake. Nashika. Ya pili. Ya tatu.

Halafu hatugusi.

Hapa ndipo ninapogombana na vijana wangu saluni. Dakika kumi wanaanza kuchungulia. Nyanya alikuwa akisema usifungue nywele zikiwa vuguvugu, nami utotoni nilidhani ni ukali wa wazee. Baadaye nilipojifunza kazi nikaelewa. Ndani ya unywele mna vifungo vidogo vya haidrojeni. Joto au maji yakiingia vinaachia, na unywele unakubali umbo lolote unaloupa. Ukipoa na kukauka ndani ya umbo hilo, vinajifunga upya. Ukifungua kabla haujapoa, umeufungulia mlango ukiwa bado haujaamua. Na Mombasa hii unyevu wa hewa ndio adui, unavifungua tena. Wimbi lililopoa vizuri linavumilia. Lile la haraka, ukifika kwenye mlango wa ukumbi limeshalala.

Ndiyo maana nazipenda hizi kuliko lile koleo la midomo mitatu linalotangazwa kila mahali. Nilifanya uchambuzi wake, wengine mlinitukana, na sijabadilisha neno. Koleo linakupa wimbi kwa sekunde kumi, unaliachia likiwa moto, linapoa likining'inia. Rola ya nta inapoa ikiwa imeshikwa. Inakulazimisha kungoja. Leo nimengoja dakika thelathini na tano, shoga akanywa chai na mahamri mawili.

Mambo ya moto yana historia ndefu, nitagusa kidogo. Marcel Grateau wa Ufaransa, miaka ya 1870, alitumia koleo la chuma lililopashwa kwenye moto. Wasusi walilijaribu kwenye karatasi kwanza: karatasi ikiungua, nywele zitaungua. Mjerumani Karl Nessler akaonyesha London mwaka 1905 mashine ya mawimbi ya kudumu. Majaribio ya mwanzo alimfanyia mkewe, Katharina, na nywele za yule mama ziliungua. Nikilisoma jambo hilo huwa nashika kichwa changu. Rola za umeme kama hizi zilipata umaarufu miaka ya 1960 kwa jina la Carmen, kutoka Denmark. Kwa hiyo msinunue kwa kuambiwa ni teknolojia mpya.

Haya, zimepoa. Nafungua kutoka chini... tazameni inavyoshuka. Mashaallah. Sasa msishtuke na vipilipili hivi vya duara, bado. Wengi huishia hapa na ndipo wanapofanana na mwanasesere. Chukua brashi uchane. Chana kwa nguvu, chana mpaka uogope. Brashi zinazosifiwa ni za manyoya ya nguruwe, mimi sizitumii, ninayo ya nailoni laini na kazi inakwenda. Mwaona mizingo inavyoungana? Moja, mbili... limekuwa wimbi moja. Nasukuma kwa kiganja, hapa penye bonde nabana, napuliza spreyi kidogo, nangoja tena.

Na jaribio? Jana nilimtengeneza hivi hivi saa tatu asubuhi. Nikamfunika mtandio, maana bi harusi wetu haendi ukumbini kichwa wazi. Tukapanda tuktuk mpaka kivukoni, tukavuka Likoni na feri, upepo wa kusi usoni, tukarudi. Saa saba mchana nikafungua mtandio. Hii hapa video yake. Juu pamelala kidogo, siwadanganyi. Lakini mabonde yako palepale, kando zimekaa, na brashi mara mbili tu zikarudi. Koleo lilipopita njia hiyo hiyo mwezi uliopita, tulirudi na nywele zilizonyooka.

Bei. Nililipa shilingi 6,500. Mwanzo nilisema ni nyingi, na kwa mtu wa kujitengeneza Idi hadi Idi bado nasema ni nyingi. Nenda Kongowea ukanunue rola za sponji za mia mbili, lala nazo nywele zikiwa na unyevu kidogo, asubuhi utapata wimbi. Si jororo kama hili, lakini utapata. Kwa mpambaji mwenye harusi mbili kwa wiki ni maneno mengine. Na aliyeniuzia aliniahidi klipu za chuma ndani ya boksi. Boksi nililifungulia nyumbani, hazimo, na simu yangu haipokewi. Fungueni hapo hapo dukani.

Klipu za plastiki mimi nimeziweka kando. Natumia vibanio virefu vya chuma, vile vyembamba vya mdomo wa bata, na chini yake naweka kipande cha karatasi laini. Tazama upande wa kulia wa shoga: hakuna alama. Ningekuwa mtengenezaji ningeona haya kuuza rola nzuri hivi na klipu ile.

Habari za chaneli: kuanzia mwezi ujao nitaweka video Jumamosi usiku, kwa sababu Ijumaa ninapamba. Inayofuata tunaingia kwenye mitumba ya Kongowea kutafuta gauni la kiuno cha dondora, kisha Biashara Street kwa fundi alipunguze. Mwenye picha ya nyanya yake ya zamani aniandikie hapo chini mtindo ulivyokuwa, nataka kuujaribu.

Shoga, inuka polepole. Chetezo kiko tayari, asumini zimeshatungwa. Tukuweke udi kwanza, maua yafuate.