Tamthilia za Kihistoria za Uingereza: Ipi Inunuliwe Kwanza

Mtu anayetaka kununua seti yake ya kwanza ya tamthilia ya kihistoria ya Uingereza hukutana na rafu iliyojaa magauni marefu, magari ya farasi na majumba ya mawe, na makava yote hufanana kiasi kwamba ni rahisi kudhani kuwa hadithi nazo ni moja. Si moja hata kidogo. Kwa miaka mingi nimezitazama na kuzijadili pamoja na ndugu na majirani, na kipimo ninachokitumia kuzipanga ni kimoja: tamthilia inayostahili kukaa nyumbani na kurudiwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili ni ile inayonionesha fedha za wenye majumba zilitoka wapi na ni mikono ya nani iliyofanya kazi. Mavazi huvutia mara ya kwanza. Mtu akirudia mara ya tatu hayamtoshi tena.

Nafasi ya kwanza naipa North and South iliyotengenezwa na BBC mwaka 2004, yenye sehemu 4 tu, jumla yake takriban saa 4. Mnunuzi asome kava kwa makini, kwa kuwa ipo tamthilia ya Kimarekani ya mwaka 1985 yenye jina hilohilo, inayohusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na wauzaji wasiozijua huzichanganya. Hii ya BBC imetokana na riwaya ya Elizabeth Gaskell iliyotoka kwa mfululizo gazetini kati ya mwaka 1854 na 1855. Inamfuata Margaret Hale, binti wa kasisi, anayehama na wazazi wake kutoka kijiji cha kusini kwenda Milton, mji wa viwanda ambao mwandishi aliuchora kwa kuitazama Manchester.

Margaret anapofungua mlango wa kiwanda kwa mara ya kwanza, ukumbi mzima umejaa nyuzinyuzi za pamba zinazoelea hewani kama theluji. Mtazamaji huipenda picha hiyo, na huendelea kuipenda mpaka amwone Bessy Higgins, msichana aliyekulia kazini humo, akikohoa kwa sababu nyuzinyuzi zilezile zimejaa mapafuni mwake. Baadhi ya matukio ya ndani yalipigwa picha katika Queen Street Mill, kiwanda cha kale cha Burnley kilichohifadhiwa pamoja na mashine zake, na ndiyo maana vitanda vya kufumia vinanguruma kwa uzito ambao jukwaa la studio lisingeweza kuutoa. Hapohapo tunamwona Bwana Thornton, mwenye kiwanda, akimpiga mfanyakazi aliyekutwa akivuta tumbaku. Tukio hilo huzua ubishi kila nikilitazama na watu. Jirani yangu mmoja, mzee aliyefanya kazi katika kiwanda cha nguo Dar es Salaam ujanani mwake, alitueleza kwa utulivu kwamba cheche moja katika chumba cha pamba ingeweza kuwaua wote waliokuwamo. Hakumtetea Thornton kwa kupiga, ila alimwelewa hofu yake. Baada ya maelezo hayo tulilirudisha nyuma tukio lote na kulitazama upya.

Kwa msomaji wa pwani yetu pamba hiyo haiko mbali. Nguo ya merikani iliyoingia Zanzibar katika karne ya 19 iliitwa hivyo kwa sababu ilitoka Marekani, na vita vilipozuka huko mwaka 1861 bidhaa hiyo ilipungua, nguo za Uingereza na India zikapata nafasi kubwa zaidi sokoni. Anayejua historia hiyo ataitazama mizigo ya pamba katika ua wa Thornton kwa jicho jingine. Waigizaji wakuu ni Richard Armitage na Daniela Denby-Ashe, nao wanafaa sana, lakini anayenirudisha mimi ni Brendan Coyle katika nafasi ya Higgins, baba yake Bessy na kiongozi wa mgomo, mtu mwenye hasira ambaye hata hivyo anaijua hesabu ya kila familia iliyokosa mkate kwa ajili ya uamuzi wake.

Ya pili ni Bleak House ya BBC ya mwaka 2005, iliyotokana na riwaya ya Charles Dickens. Kiini chake ni kesi ya mirathi, Jarndyce na Jarndyce, iliyokaa Mahakama ya Chancery, mahakama ya zamani ya London iliyoamua kesi za mirathi, muda mrefu kiasi kwamba watu wamezaliwa na kufa wakiisubiri hukumu. Sidhani kama ipo familia kwetu isiyomjua mtu aliyeharibu ujana wake kwa kusubiri nyumba au shamba la marehemu ligawanywe, na kwa sababu hiyo Richard Carstone, kijana anayeacha kila kazi anayoanza akiamini kwamba kesi iko karibu kwisha, humuumiza mtazamaji wa hapa pengine kuliko mtazamaji wa London. Mtunzi wa mswada, Andrew Davies, aliigawa katika sehemu 15, ya kwanza ya saa nzima na zilizobaki za nusu saa, zikaoneshwa mara mbili kwa wiki, mtindo unaokaribia ule wa Dickens mwenyewe aliyechapisha hadithi zake vipande vipande. Kwa familia yenye shughuli nyingi, nusu saa baada ya chakula cha jioni inatosha. Kasoro yake ni kamera inayoruka kwa ghafla, pamoja na mlio, kutoka tukio moja hadi jingine. Wengine huichoka, na mimi nilihitaji sehemu 3 kuizoea. Gillian Anderson katika nafasi ya Lady Dedlock na Charles Dance katika nafasi ya wakili Tulkinghorn wanastahili uvumilivu huo. Anna Maxwell Martin, aliyekuwa Bessy katika North and South, hapa ni Esther Summerson, na nashauri zitazamwe kwa mpangilio huo ili ukubwa wa kipaji chake uonekane.

Najua wengi watashangaa kwamba Pride and Prejudice ya BBC ya mwaka 1995, iliyotokana na riwaya ya Jane Austen, imekuwa ya tatu. Ina sehemu 6, mswada ni wa Andrew Davies huyohuyo, na uigizaji wa Jennifer Ehle na Colin Firth umewafanya watazamaji wengi wasiridhike na toleo jingine lolote. Naipenda kwa dhati, na anayenunua zawadi kwa mtu asiyewahi kutazama aina hii ya tamthilia aanze nayo. Watu huikumbuka kwa mapenzi yake, ilhali msingi wake ni hesabu: Bwana Bennet ana pato la pauni 2,000 kwa mwaka kutokana na shamba ambalo mabinti zake 5 hawawezi kulirithi, kwa kuwa limefungwa kwa mrithi wa kiume, na Bwana Darcy, tajiri anayempenda mmoja wa mabinti hao, ana pauni 10,000. Ukiishika hesabu hiyo, Bi Bennet, ambaye Alison Steadman anamwigiza kwa kelele nyingi, haonekani tena mpumbavu mtupu. Ni mama anayeona kwamba siku mumewe atakapofariki atatolewa ndani ya nyumba yake. Kinachoiteremsha kwangu ni kwamba watumishi wanapita nyuma ya wahusika kama samani. Anayeweza kupata nakala ya Blu-ray, diski yenye picha safi kuliko DVD, aichukue hiyo, kwa sababu tamthilia ilipigwa kwa filamu na picha iliyosafishwa upya ina majani na nyuso zilizo wazi zaidi.

Hapa ni lazima nieleze jambo la diski, maana limeniumiza. Seti yangu ya kwanza niliagiziwa na ndugu aliyeko Marekani, ikafika salama, na deki yangu ikakataa kuisoma. DVD hugawanywa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia, na namba ya kanda huchapishwa ndani ya alama ndogo ya dunia nyuma ya kava: kanda ya 1 ni Marekani na Kanada, kanda ya 2 inajumuisha Uingereza, nchi nyingi za Ulaya, Afrika Kusini, Oman na nchi nyingine za Ghuba, ilhali Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo ziko kanda ya 5. Kwa hiyo hata seti inayotoka London inahitaji deki inayosoma kanda zote. Zipo, tena nyingi si ghali, lakini ijaribiwe dukani kwa diski yenyewe kabla ya kulipa. Blu-ray ina mgawanyo mwingine, na huo unatufaa: Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati zote ziko kanda B, hivyo diski ya Uingereza itafanya kazi katika deki ya Blu-ray iliyotengenezwa kwa soko letu. Seti za Uingereza kwa kawaida zina maandishi ya Kiingereza chini ya picha, nayo husaidia sana katika lafudhi za kaskazini.

Ya nne ni Upstairs, Downstairs ya ITV, televisheni ya Uingereza inayoshindana na BBC, iliyooneshwa kuanzia 1971 hadi 1975. Chanzo chake ni wazo la waigizaji Jean Marsh na Eileen Atkins, waliotaka hadithi inayowapa watumishi wa ndani uzito sawa na mabwana zao, na nyumba ya Eaton Place inafuatwa kutoka mwaka 1903 hadi 1930 katika sehemu 68. Baadhi ya sehemu za mwanzo hazina rangi. Diski si mbovu. Mafundi wa televisheni wakati huo walikuwa katika mgogoro wa malipo na wakakataa kutumia kamera za rangi. Mandhari ni ya studio na mwendo ni wa taratibu, kwa hiyo ni ununuzi wa mtu mwenye subira.

Downton Abbey, 2010 hadi 2015, hadithi ya familia ya kibwana na watumishi wake katika jumba la mashambani, inafuata. Ina sehemu 52, na filamu zake za sinema huuzwa kando hata pale kava linaposema seti ni kamili. Misimu 2 ya kwanza, kuanzia habari za kuzama kwa Titanic hadi mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ni mizuri kweli. Inasema wazi kwamba jumba liliokolewa na mali aliyokuja nayo mke Mmarekani, kinyume kabisa cha mahari yetu, lakini baadaye inawapenda mno mabwana wake kiasi cha kusahau kuwauliza maswali. Nunua misimu hiyo 2 kwanza.

Call the Midwife, iliyoanza mwaka 2012, inaonesha wakunga wa Poplar, mashariki mwa London, kuanzia mwaka 1957. Kwa kipimo changu ingekuwa juu zaidi, ila misimu yake ni mingi na gharama hupanda. Nunua mmoja mmoja, ukianza na wa kwanza.

The Crown, tamthilia ya Netflix kuhusu Malkia Elizabeth wa Pili, naiweka mwisho. Msimu wake wa kwanza unafika Kenya, Februari 1952, Elizabeth anapopata habari za kifo cha baba yake, na matukio hayo yalipigwa picha Afrika Kusini. Hali ya hatari ilitangazwa Kenya Oktoba mwaka huohuo, na Treetops, hoteli ya Nyeri alikolala usiku ule, ilichomwa moto mwaka 1954, ilhali nchi yenyewe katika tamthilia imebaki kuwa mandhari ya huzuni ya wageni. Anayeitaka kwa ajili ya uigizaji, ambao ni wa hali ya juu, alipie usajili wa Netflix wa mwezi mmoja na aitazame humo. Fedha za diski aziweke kwa Bessy Higgins.